Mizani ya Mafua: Ukali wa Maradhi Hupimwaje kwa Wanyama?



Haupiti muda mrefu ila husikika habari ya kuwa imezuka nasaba mpya ya homa ya mafua, na kwamba wataalamu wameitia katika wanyama na wanyama wakafa wote. Habari hiyo hutoka kinywani mwa mmoja ikaenda kwa wa pili, na siku hizi hupita katika simu za mkononi upesi kuliko upepo wa kusi, hata ikifika majumbani mwetu imekwisha kuota mbawa: maradhi haya hayana dawa, kila apatwaye hufa. Wako wanaoshikwa na hofu wakawazuilia watoto wasiende chuoni. Na wako wanaocheka, wakasema mafua ni mafua tu, dawa yake ni tangawizi na limau. Makundi yote mawili yamekwisha kuhukumu, wala hapana aliyeuliza mizani iliyotumika ni mizani gani.

Twataka mwezi huu tuieleze mizani hiyo kwa utaratibu, ili baba na mama wa nyumba, na vijana wetu wasomao elimu ya viumbe shuleni, wapate kuipima habari kabla ya kuipokea na kabla ya kuipeleka kwa mwingine.

Kwanza tulijue tulitajalo. Kirusi cha homa ya mafua ni kitu kidogo mno kisichoonekana kwa jicho, nacho hakikai katika hali moja. Hubadilika kidogo kidogo kila msimu, na mara chache hubadilika sana. Kwa hiyo wataalamu huvigawanya virusi hivi kwa nasaba, mfano wa ukoo mmoja wenye milango mingi. Na kila nasaba hupewa jina la mahali ilipopatikana, nambari yake na mwaka wake. Nasaba ya Puerto Rico ya mwaka 1934, kwa mfano, ingali ikitumika katika maabara nyingi hata leo. Basi mtu aulizapo kama mafua ya mwaka huu ni makali kuliko ya mwaka jana, aulizia tofauti baina ya nasaba na nasaba.

Tofauti hiyo ni taabu kuijua kwa kutazama wagonjwa peke yao. Mgonjwa mmoja ni mzee mwenye pumu, wa pili ni kijana mwenye nguvu zake. Mmoja alipata kuugua mafua ya jamaa ya hayo miaka kumi iliyopita, na mwili wake ungali ukiyakumbuka. Mwingine hajapata kuyaonja. Akifa huyu na kupona yule, hatuwezi kusema kwa yakini kama tofauti ilikuwa ya kirusi au ilikuwa ya mtu. Ni mfano wa mchuuzi apimaye mchele wa Mbeya kwa pishi moja na mchele wa Morogoro kwa pishi nyingine, kisha akadai kuwa ajua upi ulio mwingi. Wala haifai kuwatia watu maradhi ya kuua kwa makusudi ili kupata elimu. Ndiyo sababu hutumika wanyama: wa umri mmoja, wa uzao mmoja, wasiopata kuugua mafua, wakatiwa puani kiasi kimoja cha kirusi, kundi hili nasaba hii na kundi lile nasaba ile. Pishi ni moja; kinachobadilika ni mchele tu.

Mlango wa elimu hii ulifunguliwa London katika mwaka 1933. Wataalamu watatu, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, walichukua maji waliyosukutulia wagonjwa wa mafua wakayatia katika wanyama wa namna mbalimbali, na wengine hawakudhurika. Lakini fereti, mnyama mdogo mrefu wa kiwiliwili, wa jamaa ya kicheche, ambaye Wazungu humfuga kwa kuwindia sungura, alishikwa na homa, akatoka makamasi na kupiga chafya mfano wa mwanadamu. Katika mwaka 1936 fereti mgonjwa alimpigia chafya mtaalamu aitwaye Charles Stuart-Harris, naye akashikwa na mafua. Hapo ikadhihiri kuwa maradhi yale yaliyotoka kwa mtu yakaingia kwa mnyama yaweza kurudi kwa mtu, nayo ni yale yale.

Sasa tuutazame ukali wenyewe. Ukali haupimwi kwa kifo peke yake. Kila siku mnyama hupimwa uzito, kwani aumwaye hali, na asiyekula hukonda. Hupimwa joto la mwili. Huoshwa pua, na maji yale yakachunguzwa yana virusi kiasi gani. Baadhi yao huuawa kwa siku maalumu, mapafu yao yakatazamwa, na ikaangaliwa kama kirusi kimekaa katika njia ya pumzi tu au kimeenea mpaka kwenye ubongo na viungo vingine. Kisha huulizwa: ni kiasi gani cha kirusi kinachoweza kuua nusu ya kundi? Nasaba iuayo nusu ya kundi kwa kiasi kidogo ni kali kuliko ile isiyoua ila kwa kiasi kingi. Hivyo ndivyo nasaba mbili ziwekwavyo katika vitanga viwili vya mizani moja.

Mfano mkubwa wa kazi hii ni mafua ya mwaka 1918. Maradhi yale yaliizunguka dunia, yakafika mpaka pwani yetu ya Afrika Mashariki, na yakadiriwa kuwa yaliua watu wasiopungua milioni 50. Kirusi chake kilikwisha kutoweka kabla haujapatikana ujuzi wa kukishika. Mwaka 1951 kijana aitwaye Johan Hultin alikwenda Alaska, katika kijiji kiitwacho leo Brevig Mission, ambako watu wazima 72 kati ya 80 walikufa kwa siku chache mwezi wa Novemba 1918, wakazikwa katika ardhi ya barafu. Alitaka kukiotesha kirusi kile kutoka katika mapafu ya maiti, asifaulu. Akarudi mwaka 1997, naye amekwisha kuwa mzee, akapata mapafu ya mwanamke mmoja yaliyohifadhiwa na baridi. Kutoka humo Jeffery Taubenberger na wenzake walisoma jeni zote za kirusi, na mwaka 2005 Terrence Tumpey wa Atlanta, Marekani, akakiunda upya katika maabara yenye ulinzi mkali.

Panya waliotiwa kirusi hicho walipungua uzito hata kufikia sehemu 13 katika kila 100 kwa muda wa siku mbili. Baadhi yao walikufa katika siku ya tatu. Baada ya siku nne, virusi katika mapafu yao vilizidi mara 39,000 kuliko vile vya kirusi kimojawapo cha kulinganishia. Kisha wataalamu wakafanya jambo la busara. Waliondoa jeni moja tu, ile itengenezayo hemaglutinini, ambayo ni mfano wa ufunguo ambao kirusi hufungulia mlango wa chembe ya mwili; mahali pake wakatia ya mafua ya kawaida, na jeni saba zilizobaki zikawa zile zile za 1918. Panya hawakufa tena, wala hawakukonda sana. Kwa hivyo ilijulikana kuwa sehemu kubwa ya ukali ule, kwa panya, ilikuwa katika ufunguo. Mwaka 2007 nyani wadogo waliotiwa kirusi hicho huko Winnipeg, Canada, walizidiwa hata jaribio likakatishwa siku ya nane, ilhali wenzao waliotiwa mafua ya kawaida waliugua kidogo tu. Na ilionekana kuwa kinga ya miili yao wenyewe ilikuwa imewaka pasipo kiasi, ikasaidia kuharibu mapafu iliyopaswa kuyalinda.

Mpaka hapa mizani yaonekana kuwa sawa. Lakini mwenye akili huuliza: je, mnyama huyu asema kweli juu ya mwanadamu? Hapa ndipo palipo na funzo kubwa, nasi twaomba msomaji asiharakie.

Katika mwaka 1997 mafua ya ndege, nasaba za H5N1, yaliingia kwa watu katika mji wa Hong Kong. Watu 18 waliugua, na 6 katika hao wakafa. Wataalamu walichukua virusi viwili vya mji ule ule na mwaka ule ule, kimoja cha mgonjwa aliyekufa na kimoja cha mgonjwa aliyepona. Katika panya, cha kwanza kiliua na cha pili hakikuleta madhara makubwa. Mwaka 2001 ilielezwa kuwa badiliko moja tu katika jeni iitwayo PB2 ndilo lililofanya tofauti kubwa kiasi hicho, mfano wa herufi moja iwezavyo kugeuza maana ya neno. Mtu angesema mambo yamekwisha. Walakini mwaka 2002 virusi hivyo viwili vilitiwa katika fereti, na vyote viwili vikawa vikali kwao. Panya alitofautisha, fereti hakutofautisha. Lau wataalamu wangaliuliza panya peke yake, wangalidhani kuwa kirusi cha pili ni cha kupuuzwa.

Yatoka wapi mahitilafu hayo? Yatoka katika maumbile ya wanyama wenyewe. Panya hapigi chafya ya mafua, na akizidiwa joto lake hushuka badala ya kupanda. Njia yake ya pumzi inavyo kwa wingi vitasa vinavyofunguliwa na virusi vya ndege, ama vile vinavyofunguliwa na mafua ya watu ni haba. Ndiyo maana mafua mengi ya watu hayamuumizi mpaka kwanza yazoezwe katika panya, kutoka huyu kwenda kwa yule. Fereti, kwa upande wake, ana vitasa vinavyofanana na vyetu, naye hushikwa na homa na kupiga chafya.

Tena liko jambo jingine. Katika mwaka 1962 Jean Lindenmann alieleza habari ya panya wa uzao mmoja ambao hawakufa kwa kiasi cha mafua kilichowaua panya wengine. Baadaye ikajulikana kuwa panya wengi wa maabara wana upungufu wa jeni moja ya kinga iitwayo Mx1, na wale wa Lindenmann walikuwa nayo nzima. Mwaka 2007 ilionyeshwa kuwa panya wenye jeni hiyo hukingwa hata na kirusi cha 1918. Basi kirusi kile kile, kiasi kile kile, kwa panya huyu ni mauti na kwa panya yule si mauti. Asemaye kuwa kirusi hiki kimeua panya wote, naye asiseme ni panya gani, amesema nusu ya neno.

Tofauti nyingine iwachanganyayo watu ni ile iliyo kati ya ukali na kuenea. Watu wengi hudhani mambo haya mawili ni moja, nayo si moja. Fereti mgonjwa huwekwa katika kizimba, na jirani yake mzima katika kizimba cha pili, kati yao ukuta wenye matundu upitishao hewa lakini hauruhusu wagusane; kisha hungojwa kuonekana kama yule mzima ataambukizwa. Mwaka 2007 Tumpey na wenzake walibadilisha mahali pawili tu katika ufunguo wa kirusi cha 1918. Fereti waliotiwa kirusi hicho kilichobadilishwa waliendelea kuugua vibaya na kufa, lakini majirani zao hawakuambukizwa kwa hewa. Kirusi kilibaki muuaji, kikaacha kuwa msafiri. Na kinyume chake twakiona kila mwaka: mafua ya kawaida husafiri mno na huua wachache tu katika wanaougua. Lakini wachache wa watu wengi mno si wachache, nao huwa ni wazee wetu na watoto wetu wachanga.

Tutoe mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2024 mafua ya ndege ya H5N1 yaligunduliwa katika ng'ombe wa maziwa huko Marekani, na mtu mmoja afanyaye kazi na ng'ombe katika Texas akaambukizwa. Kirusi chake kilitiwa katika fereti, na wote waliotiwa wakafa. Habari hiyo ilipoenea, wengi waliona Kiyama kimekaribia. Lakini yule mtu mwenyewe aliumwa macho tu, akapona. Na katika majaribio hayo hayo, fereti waliokaa pamoja na wagonjwa waliambukizwa wote watatu, ama wale waliotenganishwa nao kwa ukuta wa matundu aliambukizwa mmoja katika watatu. Je, fereti walisema uongo? La. Wao walitiwa kirusi kingi moja kwa moja puani, nao hawajapata kuonja mafua ya namna yoyote. Mwanadamu mzima amekwisha kupita katika mafua mengi tangu utoto, na yamkini mtu yule kirusi kilimwingia kwa njia ya jicho. Fereti wametuonyesha uwezo uliofichika katika kirusi. Hawakutupa hesabu ya watakaokufa katika mtaa wetu. Ni onyo la kweli, wala si hukumu.

Na yako mambo ambayo hayamo kabisa katika kizimba cha maabara. Wengi waliokufa mwaka 1918 waliuawa na vijidudu vingine vilivyoyavamia mapafu yaliyokwisha kuchubuliwa na mafua, na wakati ule dawa za kuviua vijidudu hivyo zilikuwa hazijapatikana. Tena tuvitazame visiwa vya Samoa. Mwezi wa Novemba 1918 meli iitwayo Talune iliruhusiwa kutia nanga katika Samoa ya Magharibi, nayo ina wagonjwa, na yapata mtu mmoja katika kila watano wa nchi ile akafa. Jirani yao, Samoa ya Marekani, ilifunga bandari zake kwa karantini, na hakufa huko hata mtu mmoja kwa maradhi hayo. Bahari ni moja, watu ni ndugu, kirusi ni kile kile. Panya gani angaliweza kutupa habari ya tofauti hiyo? Waislamu hawapaswi kuliona jambo hili kuwa geni, maana kutoingia mji wenye tauni na kutoutoka ni katika mafunzo tuliyoachiwa na Mtume wetu (S.A.W.) zamani sana.

Basi, ndugu zetu, ikija habari ya kirusi kipya, ulizeni mambo matano. Kimejaribiwa katika mnyama gani? Kilitiwa kwa njia gani na kwa kiasi gani? Kimelinganishwa na nasaba ipi, maana neno kali halina maana mpaka liambiwe kuliko nini? Habari ni ya kuua au ya kuenea? Na watu waliokwisha kuambukizwa, hali yao imekuwaje? Habari isiyojibu hata moja katika hayo haifai kupelekwa kwa jirani. Tumeamrishwa kuthibitisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na kumtia mama mjamzito hofu ya bure ni katika kudhuru.

Wala tusikimbilie upande wa pili tukasema kuwa wanyama ni wanyama, yao hayatuhusu. Kuku au bata wakifa kwa wingi pasipo sababu, msiwashike kwa mikono mitupu, wala msiwachinje upesi ili nyama isipotee. Mwarifuni afisa wa mifugo. Maziwa yachemsheni. Mwenye mafua na afunike kikohozi chake, asimbusu mtoto mchanga, wala asiende kumzuru mzee aumwaye kifua. Penye chanjo ya mafua, wazee, wajawazito, watoto wadogo na wenye maradhi ya kudumu ndio wa kutangulizwa. Na mtoto avutaye pumzi kwa taabu, mbavu zikiingia ndani, hana la kungojea nyumbani. Apelekwe hospitali saa ile ile, iwe ni mafua ya nasaba kali au ya nasaba nyepesi.

Limebaki neno moja, nalo huulizwa na vijana wenye mioyo laini: ni halali kuwatesa viumbe hawa kwa ajili yetu? Twasema kuwa mnyama ni amana, na kumtesa kwa mchezo au kwa upuuzi ni dhuluma. Wataalamu nao wamejiwekea mipaka. Tangu mwaka 1959, Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walipoandika juu ya jambo hili, imekuwa ada kuuliza kabla ya kila jaribio: je, hapana njia nyingine pasipo mnyama? Kama hapana, idadi yaweza kupunguzwa? Na maumivu yao yaweza kupunguzwa? Jaribio lenye haja ya kweli, likafanywa kwa mipaka hiyo, likaokoa roho za watu, si sawa na utesaji wa bure. Lakini sisi nasi tunalo deni. Fereti aliyekufa ili tupate onyo, kisha onyo lenyewe tukaligeuza kuwa uzushi wa barazani au tukalitupa kwa kicheko, amekufa bure. Na dhambi ya upotevu huo haiko Atlanta wala London, iko kwetu sisi tuliosikia tusitumie.

Wallahu aalam.